Land Rover Kuukuu na Ugonjwa Uliojificha Chini Yake

Mpenzi msomaji, najua wanachama wenzangu wamekuletea mashairi, vitendawili na vichekesho. Mimi naomba nafasi nikueleze juu ya gari. Si gari jipya la kuringia, la hasha! Ni Land Rover ya mwaka 1979, ile ya aina iitwayo Series III, yenye viti vya watu watatu mbele na sehemu ya mizigo nyuma. Guka, yaani babu yangu mzaa baba, aliinunua mnadani, na tangu alipotuaga ni baba anayeiendesha. Kila Jumanne na Ijumaa baba huondoka hapa Landless alfajiri, hufuata barabara ya Garissa hadi Kithimani na Matuu, kisha hurudi na nyanya na maembe ya kuuza Thika. Karo yangu hutoka humo humo. Kwa hivyo nikisema gari ni gonjwa, elewa kwamba kwetu hilo si jambo la mchezo.

Wengi hudhani magari haya yote yaliletwa yakiwa kamili kutoka Uingereza. Kumbe mengine yaliunganishwa hapa hapa Thika, na letu ni mojawapo! Kampuni ya Leyland Kenya ilianzishwa mwaka 1974, ikaanza kuunganisha magari mwaka 1976, na mwaka 1989 ikabadilishwa jina ikawa Kenya Vehicle Manufacturers. Vipande vilikuja kwa meli vikiwa vimefungwa masandukuni, halafu vikaunganishwa na watu wa huku kwetu, bolti baada ya bolti. Jambo hili lina maana kubwa kwa anayetaka kutengeneza gari nyumbani, kwa sababu kilichofungwa kwa spana hufunguliwa kwa spana. Madigadi, milango, hata paa, vyote hutoka bila kukatwa.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha juzijuzi tu na chuma kilikuwa adimu Uingereza, basi wenye kiwanda wakaitengeneza bodi kwa mchanganyiko wa alumini. Lakini chesisi, yaani ule uti wa mgongo unaobeba injini, bodi na mizigo, ikabaki ya chuma. Ndiyo maana ukilitazama gari kuukuu la aina hii utaona bodi imebonyea hapa na pale lakini haina kutu, nawe utasema, "Aisee, hii gari bado nzima!" Udanganyifu mtupu. Chesisi ni kama bomba la pembe nne, ndani iko wazi. Matope meusi ya huku kwetu, yale yanayonata kama ugali mbichi, yakiingia humo hukaa na unyevu miezi na miezi. Kutu huanza kula kutoka ndani ikija nje. Kwa nje rangi ni nyeusi tititi, kumbe kilichobaki ni ganda kama la yai.

Tena kuna lile tulilofundishwa katika Kemia: metali mbili zikigusana penye maji, ile iliyo tendaji zaidi ndiyo huliwa kwanza. Penye alumini na chuma, alumini ndiyo hushindwa, ikageuka unga mweupe. Tazama chini ya milango ya Land Rover yoyote kuukuu, utauona unga huo. Usidhani ni chokaa.

Mwezi wa Aprili, mnunuzi wa vyuma vikuukuu alifika kwetu na mizani yake akamtajia baba bei ya kilo. Baba hakumfukuza. Miezi miwili kabla ya hapo tulikuwa tumelipa pesa nyingi katika gereji moja mjini ili chesisi itengenezwe, na tayari sehemu ya nyuma ilikuwa imeanza kulegea tena. Baba akasema, "Hii gari imenichosha. Kama chesisi imeisha, wacha iende kwa kilo." Mimi nililishika lile neno "kama". Hakuna mtu aliyekuwa amepima.

Kupima hakuhitaji mashine. Kwanza zuia magurudumu kwa mawe, inua gari, kisha uliegemeze juu ya magogo mazito. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki huteleza bila kupiga hodi. Kwangua matope yote, osha, ngoja pakauke. Halafu chukua nyundo ndogo ugonge chesisi yote, kila baada ya sentimita 5 hivi. Chuma kizima hulia ngii kama kengele ya shule. Kilichooza husema dufu, kama debe la maharagwe. Penye dufu, weka alama ya chaki. Mahali pa kukagua kwa makini ni nyuma kabisa pale pa kufungia trela, pale springi za nyuma zinaposhikwa, na ile mikono mifupi inayotoka ubavuni mwa chesisi kubeba bodi.

Sisi wa shule ya kutwa angalau tuna Jumamosi, na nilitumia mbili nzima chini ya gari. Nilipata alama 6 za chaki. Pale nyuma palipotengenezwa na ile gereji, nyundo ilipenya moja kwa moja. Unajua palikuwa na nini? Fila, ile dawa laini ya kujazia mbonyeo za bodi kabla ya kupaka rangi! Walikuwa wameziba tundu, wakapaka rangi nyeusi juu, wakachukua pesa. Fila haiwezi kubeba hata kreti moja ya nyanya. Lakini zile reli mbili ndefu, kutoka mbele hadi penye springi za nyuma, zililia ngii. Nilimwita baba akaja akagonga mwenyewe. Aligonga muda mrefu bila kusema kitu, kisha akatuma niitiwe fundi wa kuchomelea.

Fundi huyo ni mzee wa hapa mtaani na hana maneno mengi. Kabla ya kuwasha moto alitoa nyaya za betri na za altaneta, maana umeme wa kuchomelea huweza kuziunguza. Kisha akauliza tangi la petroli liko wapi. Katika gari letu liko chini ya kiti cha dereva, karibu kabisa na chesisi. Tulilifungua lote tukalipeleka mbali, nyuma ya nyumba. Nilimwambia, "Fundi, lakini tangi ni tupu." Akanijibu, "Tupu ndiyo mbaya zaidi, kijana. Mvuke wa petroli hulipuka." Debe la mchanga lilikaa karibu muda wote.

Siri ya kazi yenyewe ni kukata mpaka ufikie chuma kizima kinachong'aa, hata kama tundu litakuwa kubwa mara tatu. Ukichomelea bamba juu ya kutu, moto hautashika, na baada ya mvua moja utakuwa pale pale ulipoanzia. Tulitumia bamba la milimita 3, si bati la kuezekea. Tena kata na kuziba sehemu moja moja. Ukizikata zote kwa pamoja chesisi hupinda, na gari lililopinda huenda upande kama kaa. Tulipomaliza tulipaka rangi ya kuzuia kutu nje, na ndani tukamwaga oili chakavu iliyochanganywa na dizeli kidogo kupitia matundu ya chesisi. Kinga karai chini, tafadhali. Oili ikiingia kwenye shamba la jirani huo ni ugomvi mwingine.

Injini nitaipitia haraka kwa kuwa ndiyo rahisi. Ni ya petroli, silinda 4, ujazo wa sentimita 2286, na haina kompyuta. Ikikataa kuwaka asubuhi, anza na pointi zilizo ndani ya distribyuta: zisafishe, kisha upime nafasi, iwe kati ya milimita 0.35 na 0.40. Betri ikiwa imekufa kuna hendeli ya kuzungusha kwa mkono kutoka mbele. Shika hendeli kidole gumba kikiwa upande mmoja na vingine, la sivyo ikirudi nyuma kwa nguvu itakivunja.

Lakini spana! Hapa vijana wengi huharibu. Spana za majirani zetu ni za milimita kwa sababu magari yao ni ya Japani. Nati za Series III nyingi ni za inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, ukiifungua kwa spana ya 13 inaonekana kuingia, halafu inateleza na kuikwangua nati pembe zake zote. Nunua seti ya inchi, hata ya mtumba, kabla hujagusa kitu.

Jambo la mwisho ni zile gia za ziada. Kirungu cha manjano, ukikisukuma chini, huunganisha magurudumu ya mbele ili yote 4 yavute. Kwenye matope ni baraka. Kwenye lami usithubutu! Katika kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na gari hili halina difu ya katikati ya kusawazisha tofauti hiyo. Matopeni tairi huteleza kidogo na mambo yanaisha. Kwenye lami hazitelezi, basi shafti hujikamua kama nguo inayofuliwa mpaka kitu kivunjike. Ili kurudi kwenye magurudumu mawili, simamisha gari, vuta kirungu chekundu nyuma kabisa, kisha kisukume mbele; cha manjano kitaruka juu chenyewe.

Kazi yote ya chesisi ilichukua Jumamosi 5. Mnunuzi wa vyuma alirudi mwezi wa Agosti na mizani yake. Baba alimwuzia vile vipande tulivyokata, kilo 14 na ushee, na pesa hizo zikanunua grisi. Mkono mmoja wa kushoto bado haujabadilishwa. Alama yake ya chaki ipo, na fundi amesema atakuja tukifunga shule.