Uvimbe Mdogo wa Tezi ya Pituitari

Tezi ya pituitari ina ukubwa wa punje ya njegere na uzito wa kama nusu gramu. Imekaa chini ya ubongo, nyuma ya mzizi wa pua, na kutoka hapo huziamuru tezi nyingine: thairoidi shingoni, adrenali juu ya figo, ovari na korodani. Uvimbe unaoota humo huitwa adenoma, na ukiwa chini ya milimita 10 huhesabiwa kuwa mdogo. Takriban mtu mzima mmoja kati ya 10 anao, wengi bila kujua. Huonekana kwa bahati tu, mtu anapopigwa picha ya MRI kwa sababu ya ajali au kuumwa kichwa. Si saratani, na mara nyingi haukui.

La kuuliza ni kama unatoa homoni. Unaoongoza kati ya uvimbe unaotoa homoni ni wa prolaktini, homoni ya maziwa. Mwanamke asiye na mimba wala mtoto wa kunyonya hujikuta chuchu zikitoa maziwa, hedhi ikiruka miezi au kukoma, na mimba haishiki. Wengi huyaficha maziwa hayo kwa aibu, wakabeba lawama za ugumba miaka na miaka, ilhali kipimo cha damu kingeonyesha chanzo. Mwanamume hupungukiwa hamu na nguvu za tendo la ndoa; kwa kuwa hana hedhi ya kumshtua, huchelewa kwenda hospitali, na mara nyingi uvimbe wake hukutwa umeshakuwa mkubwa.

Hata hivyo, prolaktini hupandishwa pia na mimba, kunyonyesha, thairoidi iliyolegea, metoklopramidi ya kuzuia kutapika na baadhi ya dawa za maradhi ya akili. Daktari makini hupima mimba na kuuliza dawa kwanza, ndipo aandike MRI, kipimo cha gharama kubwa.

Wagonjwa wengi wa prolaktini hawahitaji kisu. Vidonge vya kabegolini, mara moja au mbili kwa wiki, hushusha homoni na kuusinyaza uvimbe. Asiyetaka mimba ajikinge tangu mwanzo wa dawa, kwani anaweza kuishika hata kabla hedhi haijarudi.

Nadra zaidi ni uvimbe wa homoni ya ukuaji, unaotanua mikono, miguu na taya za mtu mzima, na ule wa maradhi yaliyopewa jina la Harvey Cushing, daktari mpasuaji wa Marekani: uso wa mviringo, michirizi ya zambarau tumboni, presha na sukari. Uvimbe wa aina hizi mbili kwa kawaida hupasuliwa kupitia puani. Usiotoa homoni huachwa, na picha hurudiwa baada ya mwaka. Mgonjwa akianza kugonga vitu vya pembeni kwa kutoviona, huenda uvimbe umekua na kubana neva za macho. Hapo ni kwenda hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki.