Kilomita 60 za Kushuka: Lodwar hadi Kalokol kwa Baiskeli

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijachomoza, mji wa Lodwar bado una ubaridi. Hiyo ndiyo saa ya kuondoka. Anayekwenda Kalokol kwa baiskeli akiondoka wakati huo, akaenda kilomita 15 kwa saa na kupumzika mara mbili tatu, atakuwa ameona maji ya Ziwa Turkana kabla ya saa tano. Akichelewa hadi saa mbili kwa sababu ya chai na maandazi, atakuta njia ile ile imekuwa safari nyingine kabisa.

Utalii wa baiskeli umekulia Ulaya, hasa Ufaransa. Huko kuna njia ya La Loire à Vélo, takriban kilomita 900 kando ya mto Loire hadi bahari ya Atlantiki. Kuna pia vilima vya Bourgogne, ambako reli ya zamani kati ya Givry na Cluny iligeuzwa njia ya baiskeli ya kilomita 44 mwaka 1997. Mandhari ni mashamba ya mizabibu, vijiji vya mawe na miinuko isiyomkatisha mtu pumzi. Msomaji wa Kenya akizitazama picha hizo huenda akadhani kinachoifanya njia ya baiskeli ni kijani kibichi na hewa ya baridi. Mwendesha baiskeli mzoefu huanza kwa maswali mengine: mwinuko ni kiasi gani, upepo unatoka wapi, maji yako umbali gani, na usiku atalala wapi.

Kwa mwinuko, barabara ya Kalokol ni ya upole kuliko wengi wanavyodhani. Lodwar iko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, na uso wa ziwa uko karibu mita 360. Katika kilomita 60 hivi, msafiri anashuka mita mia moja na kitu tu, yaani wastani wa mita mbili kwa kila kilomita. Miguu inasaidiwa na ardhi bila mtu kuhisi kwamba anateremka. Mawimbi madogo ya barabara huletwa na laga, mito ya msimu ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Barabara inazama kwenye laga, inapanda upande wa pili, inanyooka, kisha inazama tena. Mtu aliyewahi kuendesha Bourgogne angeutambua mdundo huo kwa magoti yake.

Lakini laga zina sheria yake. Mvua inaweza kunyesha milimani, mbali sana, na maji yakafika barabarani huku mbingu ikiwa safi. Wenyeji hawavuki laga inayotiririka, hata kama maji yanaonekana ya magotini. Husubiri, kwa sababu mafuriko ya namna hiyo hupungua baada ya saa chache. Mwenye baiskeli na asubiri pamoja nao.

Upepo unahitaji maelezo marefu zaidi, maana ndio mlima halisi wa Turkana. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna mwanya mkubwa, na hewa inayotoka upande wa Bahari ya Hindi hubanwa humo ikaongeza kasi, kama maji kwenye bomba lililofinywa. Wataalamu wa hali ya hewa huuita mkondo wa Turkana. Ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme wa upepo karibu na Loiyangalani, ng'ambo ya ziwa. Kwa kawaida huvuma kutoka kusini-mashariki kwenda kaskazini-magharibi. Sasa tazama ramani: Kalokol iko kaskazini-mashariki mwa Lodwar, kwa hiyo upepo humpiga msafiri ubavuni upande wa kulia. Kakuma iko kaskazini-magharibi, kwa hiyo anayetoka Lodwar kwenda Kakuma husukumwa mgongoni.

Hili si jambo dogo. Mwendesha baiskeli wa kilomita 15 kwa saa akikabiliana uso kwa uso na upepo wa kilomita 20 kwa saa, kifua chake kinapokea hewa ya kilomita 35 kwa saa, na ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi hiyo. Kwa hiyo ushauri ni mmoja: kilomita 120 hivi za Lodwar na Kakuma ziendeshwe kuelekea Kakuma, na kurudi iwe kwa gari. Barabara hiyo imejengwa upya katika mradi wa Lokichar hadi Nadapal uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na lami yake ni nzuri. Ubaya wake ni malori yanayoelekea Kakuma na Sudan Kusini. Kioo cha kutazama nyuma na fulana inayong'aa ni vya lazima. Anayefika hupata malipo yake. Kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, ina masoko ambayo utafiti wa mwaka 2018 uliyakuta na biashara zaidi ya 2,100, na humo injera na kahawa ya Kihabeshi hupatikana bila shida. Kwa mtu aliyetoka kuendesha siku nzima, sahani ya injera ni chakula cha maana.

Hata hivyo, njia ya kuanzia ni Kalokol, na sababu mojawapo ni vitu vilivyoko kando yake. Kabla ya kuingia mjini, hatua chache kutoka barabarani, zimesimama nguzo za mawe meusi za Namoratunga. Waturkana husimulia kwamba zilikuwa watu waliogeuzwa mawe. Mwaka 1978 watafiti wawili, Lynch na Robbins, walipendekeza kwamba nguzo hizo zilipangwa kwa kufuata nyota, na mjadala ukawa mkali. Uchimbaji wa baadaye katika maeneo ya nguzo kuzunguka ziwa hili umeonyesha kwamba yalijengwa na wafugaji wa kale, miaka 5,000 hivi iliyopita. Katika eneo moja tu kati ya hayo, Lothagam, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalikadiria kwamba watu wasiopungua 580 walizikwa mahali pamoja. Gari hupita Namoratunga kwa sekunde kumi. Baiskeli husimama yenyewe.

Kalokol kwenyewe kuna kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilihitaji umeme na maji safi kwa wingi ambao eneo halikuwa nao, na hakikudumu kazini. Kisha Ghuba ya Ferguson, iliyotegemewa kwa samaki, ikakauka, na miaka ya baadaye maji yakarudi. Wavuvi waliendelea na kazi yao: kukausha sangara na tilapia juani, kutia chumvi, kupakia malori. Kutoka ufukweni, mashua huenda Kisiwa cha Kati, hifadhi ya taifa yenye maziwa matatu ndani ya vinywa vya volkeno. Asijaribu mtu kuogelea ziwani, mamba wamejaa.

Sasa maji na miiba. Katika joto linalopita nyuzi 35, anayekanyaga pedali hupoteza jasho la lita moja au zaidi kwa saa. Lita sita kwa mtu mmoja ni kiasi cha chini cha kufika Kalokol, na zibebwe kwenye fremu na keria, kwani mgongo uliobebeshwa begi hauwezi kupoa. Maji ya ziwa yana magadi, na visima vingi vya Turkana vina floraidi nyingi, hivyo asitegemee kujaza chupa njiani. Chumvi kidogo na sukari ndani ya chupa moja husaidia. Miiba ni ya mathenge, mti uliopandwa kuzuia mchanga na kuleta kuni, na sasa umeziba kingo za barabara na laga. Mwiba wake hupenya tairi jembamba kama sindano kwenye kitambaa. Tairi pana, tyubu tatu za akiba, viraka, gundi na pampu: bila hivyo safari itaishia chini ya mgunga, kumsubiri bodaboda wa huruma.

Ufaransa ina alama iitwayo Accueil Vélo. Nyumba ya wageni huipata ikiwa iko ndani ya kilomita tano kutoka njiani, ina mahali salama pa kufungia baiskeli, na ina vifaa vya kutengenezea. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji bajeti kubwa. Kaunti ya Turkana, inayowaalika wageni Lodwar kwa tamasha la Tobong'u Lore, ingeweza kuanza na vitu vitatu kwenye barabara ya Kalokol: tangi la maji salama katikati ya njia, banda la kivuli kila kilomita 15, na fundi mmoja wa baiskeli kila mwisho. Banda na tangi hilo vingemfaa pia mwanafunzi anayetembea na mama aliyebeba kuni, nao wako barabarani kila siku.

Kwa anayetaka kwenda mwaka huu, afike Lodwar kwa ndege au basi la Kitale, na eneo la Kainuk, lenye historia ya wizi wa mifugo kwa silaha, alipite akiwa ndani ya basi. Alale Lodwar, aulize hali ya laga jioni ile ile, ajaze chupa usiku. Njiani asalimie, “Ejoka?”, naye atajibiwa, “Ejok-noi.” Saa kumi na mbili asubuhi aondoke.