Hatua fupi si kuchechemea

Mbwa mdogo akiandamana na mkubwa hupiga hatua nyingi zaidi. Haumwi, miguu yake ni mifupi tu. Kwa hiyo madaktari wa wanyama wanaopima mwendo wa mbwa wenye afya, kwa mizani iliyowekwa sakafuni, hukadiria kulingana na uzito na umbo la kila mbwa. Miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito. Kulia na kushoto hukaribiana, iwe anatembea au anakwenda mchakamchaka.

Wazazi huniuliza mbona mtoto anatembea harakaharaka. Mtoto wa mwaka mmoja hupiga hatua kama 175 kwa dakika, mtu mzima kama 115. Huo si ugonjwa.

Ninachotazama mimi ni kulia na kushoto. Mvue viatu, atembee kwenye sakafu ngumu, nawe usikilize: je, mguu mmoja unakanyaga na kuinuka upesi kuliko mwenzake? Akichechemea huku ana homa, au akikataa kabisa kukanyaga, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Usimkande kwanza. Huenda kuna usaha kwenye nyonga, na kiungo hicho huharibika ndani ya siku chache.