Rai za Wasomaji Kuhusu Riwaya ya Dracula na Tatizo la Kumtaja Mnyonya Damu kwa Kiswahili

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi riwaya ya Dracula, iliyoandikwa na Bram Stoker na kuchapishwa London mwaka 1897, ilivyopokewa na wasomaji wa nyakati mbalimbali, na kuonyesha kwamba rai zao zinamhusu pia mfasiri wa Kiswahili. Chanzo cha uchunguzi huu ni swali la mwanafunzi. Tulipokuwa tukijadili tafsiri ya riwaya za kigeni, aliuliza iwapo Dracula ni mumiani. Wenzake walicheka, nasi tukajibu upesi kwamba la. Baadaye tulitambua kwamba jibu letu lilitangulia fikra zetu. Mtu hawezi kulijibu swali hilo kabla ya kuamua riwaya yenyewe inasema nini, na katika jambo hilo wasomaji hawajapatana kwa zaidi ya miaka 120.

Kwa ufupi, hadithi ni hii. Jonathan Harker, wakili kijana wa Kiingereza, anasafiri hadi milima ya Transylvania kumsaidia kabaila mmoja kununua nyumba nchini Uingereza. Kabaila huyo ni maiti asiyetulia kaburini, anayeishi kwa damu ya walio hai. Anavuka bahari akiwa na masanduku 50 ya udongo wa kwao na kutua katika mji wa Whitby. Anamnyonya msichana aitwaye Lucy hadi anakufa na kuwa mnyonya damu kama yeye, kisha anamwandama Mina, mkewe Harker. Kundi dogo likiongozwa na mwanachuoni Van Helsing linamfukuza hadi kwao na kumwua.

Jambo moja la fani lazima litajwe tangu mwanzo, kwa kuwa ndilo lililozaa wingi wa rai tutakazozieleza. Riwaya nzima imetungwa kwa shajara, barua, simu za maandishi na habari za magazeti. Karibu kila mhusika mkuu anaandika. Dracula haandiki, ila barua chache fupi za shughuli. Hatuisikii dhamiri yake. Mashahidi wote ni maadui zake, na mwishoni Harker mwenyewe anakiri kwamba ushahidi wao umebaki kuwa rundo la nakala zilizopigwa chapa. Pengo hilo katikati ya kitabu ndilo ambalo kila kizazi cha wasomaji kimelijaza kwa hofu yake.

2. Wasomaji wa mwaka 1897

Kitabu kilitoka kwa bei ya shilingi 6, nacho kilisomwa kama hadithi ya kutisha. Gazeti la Daily Mail lilikiweka karibu na Frankenstein ya Mary Shelley na Wuthering Heights ya Emily Brontë, na likakisifu. Mhakiki wa The Athenaeum hakuvutiwa sana: alikiri kwamba kinasisimua, lakini akaona kwamba kimekosa ustadi wa muundo na kwamba mara nyingine kinakuwa mfululizo tu wa mambo yasiyosadikika. Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za Sherlock Holmes, alimwandikia Stoker barua ya pongezi mwezi wa Agosti mwaka huohuo.

Rai inayotufundisha zaidi ni ile ya The Spectator. Mhakiki wake alilalamikia usasa wa kitabu. Aliona kwamba vyombo vipya kama kinasa sauti na mashine ya kupiga chapa havipatani na silaha za kale ambazo hatimaye ndizo zinazomshinda Dracula. Wahakiki wa siku zetu wanakiona kipengele hichohicho kuwa kiini cha riwaya: ulimwengu wa mashine unagundua kwamba mashine hazimlindi. Ushahidi ni uleule, hukumu ni kinyume. Ni dhahiri basi kwamba kilichobadilika ni msomaji.

Yafaa pia tuzingatie kisichosemwa mwaka 1897. Msomaji wa leo huona ashiki karibu katika kila ukurasa wenye meno na shingo. Wahakiki wa kwanza kwa jumla hawakulizungumzia jambo hilo. Stoker mwenyewe, mwaka 1908, alichapisha makala ya kutetea udhibiti wa riwaya zinazoamsha tamaa za mwili, na haelekei kuwa alikihesabu kitabu chake miongoni mwa hizo. Ama alikuwa mnafiki, ama hakuona alichokiandika. Sisi twaelekea kuamini hilo la pili.

3. Jukwaa na sinema

Baada ya mwaka 1920 rai za wasomaji zilianza kutengenezwa nje ya kitabu. Mwaka 1922 Wajerumani walitengeneza filamu ya Nosferatu bila idhini. Mjane wa Stoker alishtaki, na mwaka 1925 mahakama ikaamuru nakala zake ziharibiwe. Zilizosalimika ndizo tunazoziona leo. Tamthilia ya Hamilton Deane ilianza kuchezwa Uingereza mwaka 1924, ikavuka hadi New York mwaka 1927, na filamu iliyomtumia mwigizaji Bela Lugosi ikatoka mwaka 1931. Watu wengi walimjua Dracula kabla ya kumsoma.

Matokeo yake ni kwamba rai nyingi zinazotolewa juu ya kitabu ni rai juu ya filamu. Mfano ulio wazi ni jua. Wengi husadiki kwamba mwanga wa jua humwua Dracula. Hivyo ndivyo inavyokuwa katika Nosferatu. Katika riwaya Harker anamwona akitembea mchana katika mtaa wa London. Jua humpunguzia uwezo tu, halimwangamizi. Vivyo hivyo, mwishoni mwa riwaya Dracula hauawi kwa mti uliochongwa bali kwa visu viwili, kimoja cha Harker na kimoja cha Mmarekani Quincey Morris. Mwalimu anayesahihisha insha za wanafunzi kuhusu kitabu hiki hana budi kuuliza kwanza: huyu amesoma au ametazama?

4. Rai za wahakiki wa vyuo vikuu

Kwa muda mrefu vyuo vikuu havikukijali kitabu hiki. Mwaka 1959 Maurice Richardson alikifasiri kwa misingi ya nadharia ya Freud, na kuanzia miaka ya 1970 tahakiki zikaongezeka. Phyllis Roth, mwaka 1977, alidai kwamba hofu kuu ya riwaya ni hofu ya mwanamke. Lucy na wanawake watatu wa ngome ya Dracula wanatisha kwa sababu wanatamani waziwazi.

Tahakiki iliyowagusa zaidi wasomi wa mrengo wa kushoto ni ya Mwitalia Franco Moretti, iliyotokea kwa Kiingereza mwaka 1982. Moretti anaanza na jambo dogo: Dracula hana watumishi. Yeye mwenyewe anaendesha gari la farasi, anaandaa chakula, anatandika kitanda. Kabaila gani huyo asiyetumikiwa? Isitoshe, hapotezi mali kwa anasa, analimbikiza. Harker anapomkosa kwa kisu na kulichana koti lake, kinachomwagika ni noti na sarafu za dhahabu. Kwa Moretti, basi, Dracula ni rasimali yenyewe, inayolazimika kukua na isiyotosheka. Hoja hiyo inamrejea Marx, ambaye katika Das Kapital ya mwaka 1867 aliifananisha rasimali na kazi iliyokufa, inayopata uhai kwa kunyonya kazi iliyo hai.

Mwaka 1990 Stephen Arata alitoa rai nyingine. Alisema kwamba riwaya hii inadhihirisha wasiwasi wa dola lililoanza kudhani kwamba nguvu zake zinapungua: kwamba yale Waingereza waliyowatendea wengine yatarudi kutendwa kwao. Dracula anajifunza Kiingereza kwa vitabu, anachunguza sheria na ramani, ananunua ardhi, kisha anawageuza wenyeji wawe wa jamii yake. Mbinu hizo zote msomaji wa Afrika ya Mashariki anazijua, ila alizoea kuziona zikielekea upande wa pili.

5. Mumiani na mnyonyaji

Hapa ndipo swali la mwanafunzi wetu linapoingia. Kiswahili kina majina yaliyo tayari, na kila jina limebeba rai.

Mumiani ni neno lenye asili ya Kiajemi. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaeleza kwamba ni dawa nyeusi mfano wa ulimbo, iliyosemwa kuwa huletwa kutoka Uajemi, na kwamba wengi waliamini kuwa ni damu iliyoganda ya watu waliouawa. Kutoka kwenye dawa, jina lilihamia kwa anayeitafuta. Uvumi wa aina hiyo ulienea chini ya ukoloni kwa majina mengi: wazimamoto hapa Nairobi, chinjachinja kwingineko, batumbula huko Katanga. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, amezikusanya habari hizo na kuzisoma kama ushahidi wa namna watu walivyoielewa serikali ya kikoloni, kazi zake, magari yake na hospitali zake.

Tukimlinganisha mumiani na Dracula, tofauti ni kubwa. Mumiani si maiti. Hatumii meno, anatumia vifaa. Haitaki damu kwa njaa yake. Anaichukua kwa niaba ya mwingine, mara nyingi kwa ujira. Aliyenyonywa hageuki kuwa mumiani, anakufa tu. Lililo kubwa zaidi ni kwamba msomaji wa London alimhofia mgeni anayekuja, hali msimulizi wa Nairobi alimhofia aliyekwisha kuja, mwenye amri na sare. Hofu hizi mbili zinatazamana kama mtu na kioo. Kumwita Dracula mumiani ni kukivunja kioo hicho.

Pia neno hili si la kuchezewa. Mwaka 1959, huko Buguruni, Dar es Salaam, uvumi wa mumiani uliishia katika ghasia na mauaji. Mwaka 2017, nchini Malawi, watu kadhaa waliuawa na makundi yaliyowashuku kuwa wanyonya damu. Mfasiri anayelitumia neno hilo kwa burudani anachukua neno ambalo limewahi kumfanya jirani amwue jirani.

Neno la pili ni mnyonyaji. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipoufanya unyonyaji kuwa msamiati wa kila siku, msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa hoja ya Moretti: lugha yake imekwisha kuitoa. Lakini hatari iko hapohapo. Tukimwita Dracula mnyonyaji bila kuongeza neno, tutakuwa tumemwamulia msomaji, na riwaya ya kutisha itageuka kuwa hotuba.

Sisi tunapendekeza mnyonya damu, na kitenzi kunyonya kitumiwe bila woga katika matini yote. Sababu ni ya kilugha. Kunyonya ni kazi ya mtoto kwa mama, ya kupe kwa ng'ombe, na ya bepari kwa mfanyakazi. Iko sehemu katika riwaya ambapo Dracula anamlazimisha Mina anywe damu kutoka kifuani mwake. Wafuasi wa Freud wamelitumia tukio hilo kuonyesha kwamba unyama huu ni malezi yaliyopinduliwa. Kiingereza hakina neno moja la kawaida linalozibeba maana hizi tatu kwa uzito uleule. Kiswahili kinalo. Kitenzi hicho kinaziacha rai zote wazi, na kumwachia msomaji uhuru ule aliopewa na pengo la katikati ya kitabu.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba kitabu kilekile kimeitwa upuuzi wa kusisimua, ndoto ya ashiki, mfano wa rasimali na jinamizi la dola. Hatusemi kwamba rai hizi zote zina uzito sawa. Ile inayomtaja Dracula anayeunguzwa na jua haina ushahidi katika matini, na yafaa ikataliwe. Zile nyingine zina ushahidi, kila moja kwa kiasi chake, nazo zifundishwe pamoja na mwaka wa kila rai, ili mwanafunzi atambue kwamba mhakiki naye ana mahali anaposimama.

Ama kuhusu mwanafunzi wetu, jibu tunalompa sasa ni kwamba Dracula si mumiani, lakini aliyeuliza swali hilo ameisoma riwaya kwa macho yake mwenyewe, na hiyo ni rai iliyokuwa haijaandikwa katika orodha yetu. Tulikosea kumjibu upesi. Wenzetu wenye maoni tofauti juu ya istilahi tuliyoipendekeza wanakaribishwa kuyatoa katika kurasa hizi.