Bure Barabarani, Ghali Sebuleni

Ukiishi Marekani na unapenda michezo, hesabu ya mbio za baiskeli itakuchekesha kabla haijakuudhi. NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ndiyo tajiri kuliko zote nchini humo, na bado unaweza kuitazama nyumbani bila kulipia kifurushi chochote. Unanunua antena ya dola 30 hivi, unaibandika dirishani, na mechi nyingi za Jumapili zinaingia kupitia vituo vya CBS, FOX na NBC, hadi fainali ya Super Bowl. Mbio za baiskeli hazina geti wala kiingilio barabarani, lakini kuzifuata msimu mzima ukiwa kwenye kochi ni jambo la kutoa kadi ya benki, tena zaidi ya mara moja.

Chukua mwaka 2024. Mbio za Flanders za Ubelgiji zilionyeshwa Marekani na FloBikes, huduma ya mtandaoni iliyokuwa ikitoza takriban dola 150 kwa mwaka. Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu ya Paris–Roubaix, nazo zikawa kwenye huduma nyingine, Peacock. Mwezi Mei Giro d'Italia ikaonekana kwenye Max. Kampuni tatu ndani ya majuma machache, na shabiki mgeni hajui hata aanze kutafuta wapi. Zamani kidogo kulikuwa na GCN+, iliyokusanya mbio nyingi kwa takriban dola 50 kwa mwaka. Ilifungwa Desemba 2023, na mashabiki bado wanaililia.

Kama utanunua kifurushi kimoja tu, nunua Peacock. Humo mna Tour de France yote na Vuelta a España. Mwezi mmoja wenye matangazo ya biashara ulifika dola 10.99 Julai 2025, kutoka dola 4.99 miaka michache nyuma, na Tour ya wanaume haizidi majuma matatu na siku kadhaa. Lipia Julai, kisha kata. Tatizo ni saa: hatua nyingi humalizika kabla ya adhuhuri kwa saa za New York, na huko Los Angeles ni asubuhi ya watu kuwahi kazini. NFL inakungoja Jumapili umeshajinyoosha.

Wenye runinga nao wana hesabu zao. Futiboli husimama kila mara, na kila ikisimama kuna nafasi ya tangazo. Sekunde 30 za Super Bowl ya 2024 ziliuzwa kwa takriban dola milioni 7. Mbio za baiskeli hazisimami kwa saa nne au tano, na tangazo likiingia vibaya mtazamaji anakosa shambulio lililoamua siku nzima. Nani atalipa mamilioni kwa bidhaa ya namna hiyo?

Tuje barabarani, kwenye bure yenyewe. Tour of California ilikimbiwa kuanzia 2006 hadi 2019, na watu walijaa milimani bila kutoa senti. Raha ipo, lakini kwa mbio za mji hadi mji unangoja saa kadhaa, kundi linapita mbele yako kwa sekunde chache, kisha unakunja kiti. Waandaaji, kampuni ya AEG, walikosa geti la kukusanyia pesa, ilhali kufunga barabara, askari na malazi ya timu vinalipiwa. Mwaka 2019 mshindi alikuwa kijana wa Slovenia mwenye miaka 20, Tadej Pogačar. Mwaka uliofuata kijana huyo alishinda Tour de France. Mbio za California zilikuwa zimeshasitishwa. USA Pro Challenge ya Colorado ilikimbiwa mara ya mwisho mwaka 2015.

Hapo ndipo ninapokataa maelezo kwamba Wamarekani hawapendi baiskeli, au kwamba kashfa ya dawa zilizokatazwa ya Lance Armstrong, aliyenyang'anywa mataji yake saba ya Tour de France mwaka 2012, ndiyo iliyoua kila kitu. Kashfa iliumiza, sawa. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 watu walikata tiketi kujaza Madison Square Garden, New York, kutazama mbio za siku sita za ndani ya ukumbi. Major Taylor, Mmarekani mweusi aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1899, alikuwa nyota wa kulipwa vizuri. Hata mbio za wawili wawili za Olimpiki zinazoitwa Madison zimepata jina kutoka ukumbi huo. Kulikuwa na kuta, mlango na mwenye kukata tiketi, na mtazamaji aliona mzunguko baada ya mzunguko.

Leo pesa ya Mmarekani mpenda baiskeli huishia kwenye baiskeli yake mwenyewe. Analipia mamia ya dola kushiriki mbio za changarawe kama Unbound huko Kansas, hajali nani ametangulia mbele yake kwa saa tatu. 

Kwa mtazamaji, thamani kubwa kuliko zote iko kwenye mbio za mizunguko mifupi mjini. Athens Twilight huko Georgia, zilizoanza 1980, hukimbiwa usiku katikati ya mji. Tulsa Tough ya Oklahoma ni mwezi Juni, na kilima cha Cry Baby Hill hugeuka sherehe. Kundi linarudi mbele yako kila baada ya dakika chache, watoto wanaelewa kinachoendelea, na hulipi kiingilio. Tiketi ya NFL mara nyingi huvuka dola 100 kabla hujalipia maegesho.

Kwa hiyo nunua antena kwa ajili ya futiboli, lipia Peacock mwezi wa Julai pekee, na pesa itakayobaki itie mafuta uende Tulsa na familia. Vifurushi vya mwaka mzima waachie wale ambao tayari wamenogewa.