Jalada Lililofunguliwa Baada ya Vita

YAH: OMBI LA KUINGIZIWA NISHANI YA KAGERA KATIKA KUMBUKUMBU ZA UTUMISHI. Ndivyo nilivyoandika, kwa herufi kubwa na kupigia mstari. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na najua karani husoma kichwa cha barua kwanza, na mara nyingi huishia hapo hapo.

Mwenye barua ni jirani yangu hapa Runazi, koplo mstaafu wa JWTZ. Ana migomba, ana mihogo, ana wajukuu wa kutosha timu mbili za mpira, na ana karatasi ya kustaafu inayomtaja kuwa na medali ya Miaka 20 ya JWTZ na ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema. Ya Kagera haimo. Naye alivuka Mutukula, akaingia Masaka, akawa Lukaya mwezi Machi 1979, pale vita vilipokuwa vikali kuliko kwingine kote.

“Mwalimu,” aliniambia, “wanangu wakisoma hii wataona baba yao alikwenda jeshini kupiga gwaride.”

Kwa msomaji aliyezaliwa juzi: mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini na kukalia eneo la kaskazini ya mto Kagera. Siku chache baadaye yakalivunja daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa vita. Jeshi tulilokuwa nalo lisingetosha, kwa hiyo wakaitwa polisi, magereza, vijana wa JKT, na wilaya zikatoa mgambo. Katika muda mfupi jeshi likapita watu 150,000, na mgambo peke yao walikuwa 40,000 hivi. Hebu mfikirie karani wa kombania wakati huo. Watu wanashushwa kwenye malori usiku, wengine hawaijui tarehe yao ya kuzaliwa, na jina linaandikwa lilivyosikika. Huku kwetu “r” na “l” hazijawahi kuwa na mpaka, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa watu wawili kabla hata hajapewa bunduki.

Jirani yangu alitoka hapa akiwa mgambo wa Biharamulo. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 alikuwa mgambo bado. Aliingizwa jeshini rasmi na kupewa namba ya jeshi, ile ya MT, baada ya kurudi. Siku hiyo ndipo jalada lake lilipofunguliwa, na jalada halijui lolote lililotangulia kufunguliwa kwake. Kikosi alichopigana nacho kilimjua kama mgambo wa kupita. Kikosi kilichompokea baadaye kilimjua kama kuruti. Medali ya vita hutolewa kwa orodha, na orodha huanzia kikosini. Yeye hakuwa na kikosi cha kumwandika. Sioni mtu aliyemdhulumu hapo, na nimemwambia hivyo, ingawa hakupendezwa.

Rasimu ya kwanza aliiandikiwa na mjukuu. Ilikuwa na uzee, presha, bei ya dawa, na jinsi taifa lilivyowasahau mashujaa wake. Yote kweli. Niliikata karibu yote. Ofisa anayeshughulikia kumbukumbu hana mahali pa kuingizia huzuni. Anahitaji namba, kikosi, tarehe, mahali, jina la aliyekuwa kamanda wa kombania, na mtu mwingine aliye hai anayeweza kusema nilikuwa naye. Waliopigana Kagera wametajwa bungeni zaidi ya mara moja, na malalamiko ya jumla yana mahali pake huko. Hili letu ni la mtu mmoja na mstari mmoja uliokosekana kwenye karatasi.

Ushahidi ulikuwa ndani ya kopo la Kimbo, juu ya kabati. Ni kipande cha karatasi laini, kimekunjwa mara nne mpaka kwenye mikunjo pametoboka, na muhuri wake wa zambarau umefifia upande mmoja. Kina jina lake, jina la baba yake, tarehe ya Novemba 1978, na maneno “Mkoa wa Ziwa Magharibi”. Kijana wa ofisi moja alikisukuma kando: mzee, mkoa huo haupo. Ni kweli haupo. Mkoa huu uliitwa Ziwa Magharibi mpaka 1979, vita vilipokwisha ukapewa jina la mto. Kwa kijana yule karatasi ilionekana ya kughushi. Kwangu mimi jina hilo la zamani ndilo linaloipa nguvu, maana anayeghushi leo angeandika Kagera.

Ilibidi jambo hilo lipewe aya yake katika barua. Wenzetu wa Chato nao wajihadhari na hilo: wakati wa vita walikuwa Biharamulo, wilaya yao ikazaliwa 2005, na sasa wako Mkoa wa Geita. Anayewatafuta kwa anwani ya leo hatawapata.

Majina nayo yalikuwa kazi. Kwenye kipande kile ana jina la nyumbani, jeshini alitanguliza la ubatizo, na kitambulisho cha NIDA kina tahajia ya tatu. Tulikwenda mahakamani akala kiapo kwamba wote watatu ni yeye. Barua ikapita kwa mtendaji wa kijiji, kwa mtendaji wa kata, kisha kwa Mshauri wa Mgambo wa Wilaya, ielekee Makao Makuu ya Jeshi. Kila ilipopita tuligongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. Usikubali kuambiwa “iache tu hapo”.

Asidhani mtu kwamba kumbukumbu za askari hupotea kwetu peke yetu. Marekani, Julai 1973, moto ulizuka katika jengo la kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis ukateketeza majalada kati ya milioni 16 na 18. Mpaka leo wastaafu wao hujenga upya utumishi wao kwa karatasi za hospitali, barua walizoandikia nyumbani na viapo vya wenzao. Waingereza nao, nyota walizowapa askari wa jeshi la nchi kavu kwa Vita Kuu ya Pili, wakiwamo wa King’s African Rifles (KAR), hazikuchorwa jina la mtu. Ukiokota moja kwenye sanduku la babu, yenyewe haisemi kama ni ya babu. Na mwaka 2023 Mfalme Charles alipokuwa Nairobi aliwavisha wazee wa Kenya medali mpya za vita hivyo, badala ya zile ambazo hawakuwa nazo tena. Miaka karibu themanini ilikuwa imepita, na bado iliwezekana.

Watu hapa kijijini wanauliza ni shilingi ngapi. Mzee hadai shilingi. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, anataka asimame na wenzake akiwa na utepe wa medali hiyo kifuani. Na siku ya kuzikwa, wasifu utakaposomwa, msomaji apite kwenye medali zake zote asiiruke Kagera. Hilo la pili ndilo analolitaja zaidi.

Majibu yamekuja. Hawakukataa; wanataka mashahidi wawili wa kombania ile ile, wenye namba zao. Mmoja yuko Rulenge, Ngara, naye amekwishasaini. Wa pili tumesikia yuko Chato, anavua, na hana simu inayopatikana. Mzee anasema atamtambua hata gizani. Gari linaondoka Biharamulo alfajiri, nauli tumeshachanga, na kipande cha muhuri wa zambarau nimekitoa nakala, maana hicho chenyewe hakitoki tena kwenye kopo.