Si Nokauti Pekee: Vile Kugongwa Kichwa Kidogo Kidogo Humaliza Ubongo

Umeshawahi kucheki mechi ya raga, msee anakabwa, kichwa kinagonga goti la mwenzake, halafu anainuka akiyumbayumba kama ametoka baa? Mashabiki wanacheka, mabeste wanampigia kelele akaze, gemu inaendelea. Dakika tano baadaye kila mtu ashasahau.

Sasa sikia hii: hiyo ajali inaweza kuwa na bili, na bili ikaletwa miaka 20 baadaye.

Ugonjwa wenyewe unaitwa CTE. Hupata watu waliogongwa kichwa mara nyingi kwa miaka mingi: mabondia, wachezaji wa raga, wa futiboli ya Kimarekani, hata wa soka. Huanza polepole. Msee anasahausahau, hasira zinamshika bila sababu, anafanya maamuzi ya ajabu, anazama kwa msongo wa mawazo. Mwishowe kumbukumbu inaisha kabisa.

Ilijulikanaje?

Mabondia ndio walionekana kwanza. Mwaka 1928, daktari Mmarekani Harrison Martland aliandika kuhusu mabondia waliokuwa wanatembea na kuongea kama walevi na hawajagusa pombe. Kwa miaka mingi watu wakadhani hiyo ni shida ya ndondi tu.

Halafu ikafika 2002. Mike Webster, jamaa aliyeshinda Super Bowl 4 na Pittsburgh Steelers, akafariki akiwa na miaka 50 tu. Kabla afe maisha yalikuwa yamemgeuka vibaya: doo imeisha, akili imevurugika, saa zingine analala kwa gari. Mwili ukafika kwa daktari wa maiti, Bennet Omalu, Mnigeria. Ukiuangalia kwa nje, ubongo wa Webster ulikaa fiti. Omalu hakuridhika. Akauchunguza kwa hadubini, na ndani akapata uharibifu ambao mtu wa miaka 50 hafai kuwa nao.

Alipochapisha utafiti wake 2005, madaktari wa kamati ya ligi ya NFL walitaka uondolewe. Haukuondolewa. Mwaka 2013 ligi ikakubali kulipa wachezaji wa zamani dola milioni 765, na baadaye malipo yakapita dola bilioni moja. Kama ulicheki filamu ya Will Smith ya 2015, Concussion, hiyo ndiyo stori yenyewe.

Ndani ya kichwa kunatokea nini?

Fikiria mathree imejaa. Dere anakanyaga breki ghafla. Mathree yenyewe haina hata mkwaruzo, lakini abiria wamerushwa mbele na kugongana.

Kichwa chako ndiyo hiyo mathree. Ubongo ni laini na umekaa kwa maji ndani ya fuvu. Ukigongwa, fuvu linasimama lakini ubongo unaendelea kusonga na kujipinda. Nyuzi nyembamba za neva zinavutwa. Ndani ya hizo nyuzi kuna protini inaitwa tau, kazi yake ni kuzishikilia zikae imara. Zikiumia, tau inabanduka, inajikunja na kuanza kurundikana, haswa kando ya mishipa midogo ya damu. Huo uchafu unaweza kuendelea kusambaa hata baada ya mtu kustaafu.

Ndiyo maana helmeti haimalizi hii noma. Inazuia fuvu kupasuka, sawa, lakini haizuii abiria kurushwa.

Noma iko kwa zile ndogo

Watu wengi hapa ndio hukosea. Tunaogopa nokauti. Na kweli, konde linaweza kuua papo hapo: Robert Wangila, Mkenya aliyeleta dhahabu ya ndondi kutoka Seoul 1988, alifariki 1994 baada ya pigano huko Las Vegas. Lakini CTE ni kitu tofauti. Inatokana na hesabu: mapigo mengi ambayo hata hayakukuangusha. Watafiti wa Boston waligundua kila mwaka unaoongeza ukicheza futiboli ya Kimarekani unapandisha uwezekano wa CTE kwa karibu asilimia 30.

Soka nayo? Jeff Astle, straika wa Uingereza aliyesifika kwa vichwa, alifariki 2002 akiwa na miaka 59, na ubongo wake ulipochunguzwa upya ukapatikana na CTE. Mwaka 2019 watafiti wa Glasgow wakaonyesha wachezaji wa zamani wa kulipwa wa Scotland walikuwa na uwezekano mara 3 na nusu zaidi wa kufa na magonjwa ya kuharibika ubongo. Mabeki ndio walikuwa pabaya zaidi. Makipa, ambao hawapigi vichwa, walikaa karibu na watu wa kawaida.

Kwa raga, Steve Thompson aliyebeba Kombe la Dunia na Uingereza 2003 alipatikana na shida ya kumbukumbu akiwa bado kwa miaka ya 40. Amesema hakumbuki akishinda hilo kombe.

Usianze kupima watu mtaani

Si kila mtu aliyegongwa hupata CTE. Na mpaka leo inathibitishwa tu baada ya kifo, ubongo ukichunguzwa. Kwa hivyo ukiona bondia wa zamani anahangaika, usimwekee jina la ugonjwa. Msongo wa mawazo, pombe na usingizi mbovu pia huleta dalili kama hizo, na zinatibika. Mpeleke kwa daktari.

Ukicheza, shika hizi

- Umegongwa na unaona kizunguzungu, ukungu, au husikii poa? Toka. Hurudi siku hiyo, hata kama ni fainali.
- Kutapika tena na tena, kichwa kuuma zaidi, usingizi mzito au degedege: hospitali, saa hiyo hiyo.
- Usirudi mazoezini ubongo haujapona. Kugongwa mara ya pili wakati huo ni hatari sana.
- Punguza makonde ya kichwa na vichwa vya mpira mazoezini. Mapigo mengi hukusanywa huko, si siku ya mechi.
- Watoto: tangu 2015 Marekani imekataza walio na miaka 10 kushuka chini kupiga mpira kwa kichwa. Kocha wa mtaa anaweza kufanya hivyo bila kungoja sheria.

Na wewe shabiki, next time msee akiinuka akiyumba, usimpigie kelele akaze. Piga kelele atolewe. Mechi zitakuwa nyingine wikendi ijayo. Ubongo ako nao mmoja tu.